Kuinua Gari kwa Jeki ya Troli Kwenye Uwanja wa Kichanga

Nyua nyingi za Tabora ni za kichanga, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Jeki ya troli imetengenezwa kwa ajili ya sakafu ngumu: mkono wake wa kuinulia unapopanda, kisahani (sehemu ya juu inayoligusa gari) hakiendi juu moja kwa moja bali hupita kwa upinde, hivyo ni lazima magurudumu ya jeki yasogee kidogo ili kisahani kibaki palepale kilipoligusa gari. Magurudumu hayo yakizama mchangani, kinachohama ni kisahani. Niliwahi kuinua Noah uani kwangu, Isevya, bila ubao. Baada ya kupampu mara chache, magurudumu ya mbele ya jeki yalikuwa yamefukiwa nusu, na kisahani kimehama upana wa vidole viwili, kikiacha mkwaruzo mweupe kwenye chuma. Nililishusha gari, nikaenda kutafuta mbao.

Tumia mbao za mninga, au nyingine ngumu, zenye unene wa sentimita 4 au zaidi, zilizopigiliwa pamoja hadi zizidi urefu na upana wa jeki, kisha zilaze juu ya udongo uliosawazishwa na kushindiliwa. Udongo ukiwa umelowa kwa mvua, kazi isubiri. Wenzetu wa Kigoma wana shida ya miinuko, nao hawana budi kulipeleka gari kwanza mahali tambarare.

Hakikisha jeki inaweza kubeba uzito wa gari lako, kisha zima injini, toa abiria wote, na ulegeze nati za tairi kidogo kabla gurudumu halijaacha ardhi.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni breki. Katika magari mengi, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, inakuwa imeshika magurudumu yanayoning'inia, huku ya mbele hayashikwi na breki hiyo. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini, hata kama jirani anayekutazama anasema jiwe moja linatosha.

Mahali pa kuweka kisahani pameonyeshwa katika kitabu cha gari. Vitabu vya magari yaliyotumika Japani mara nyingi huwa vya Kijapani, lakini mchoro haudai lugha. Usiinulie kamwe kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) wala giaboksi.

Jeki huinua tu, haikai na mzigo: kinachoushikilia ni oili iliyozuiwa na sili za mpira, na sili ikivuja gari hushuka hata kama hakuna aliyegusa mpini. Weka stendi mbili (vigoda vya chuma vya kushikilia gari), kila moja juu ya ubao wake, kwa kuwa miguu yake nayo huzama, kisha lishushe gari polepole hadi lizikalie. Matofali ya kuchoma yasitumike, kwani hupasuka ghafla. Lisukume gari kwa mikono. Likiyumba, anza upya. Kabla ya kuingia chini, laza gurudumu lililotolewa ubavuni mwa stendi, na watoto wote waondoke uani.

Wakati wa kushusha, inua kidogo, toa stendi, halafu fungua kifungio cha oili cha jeki taratibu sana. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba tairi likiwa limekanyaga chini, na uondoe kabari mwisho kabisa.