Kuchonga njia ya kii ndani ya puli kwa mashine ya sloti, hatua kwa hatua

Mama mmoja mwenye mashine ya posho alishuka kwenye bodaboda mbele ya karakana yangu hapa Busia, upande wa Uganda, ameipakata puli kama mtoto mgonjwa. "Fundi, kii imekatika tena."

Hiyo "tena" ndiyo iliyonigusa. Kii ni kile kipande cha chuma kinacholala sehemu ndani ya shafti na sehemu ndani ya puli, ili vizunguke pamoja. Niliwasha tochi ya simu nikachungulia tunduni. Njia ya kii ilikuwa imechongwa kwa tindo na tupa: mdomoni pana, katikati nyembamba, chini mawimbi matupu. Kii haiwezi kutulia mahali kama hapo. Inacheza, na kii inayocheza huanza kwa kugonga, halafu hukatika, na ikikataa kukatika basi inatafuna shafti, ambayo ni ghali kuliko kii na puli pamoja.

"Mama, hii siirekebishi," nikamwambia. "Nachonga nyingine mpya kando yake."

Nitaeleza nilivyofanya, kwa vipimo vyenyewe, kwa sababu kuna sehemu moja katika kazi hii ambayo mafundi wengi huikosea, nami niliikosea kwa muda mrefu.

Mashine yenyewe

Mashine ya sloti ni kama shepa, ile mashine inayochonga chuma kwa kisu kinachokwenda mbele na nyuma, iliyosimamishwa wima. Kichwa chake kinapanda na kushuka. Kinakata kikishuka na kurudi juu bure, tena kwa kasi zaidi. Kisu hakiendi mbele wala nyuma. Meza ndiyo inayosogea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, na juu yake kuna sahani inayozunguka. Yangu ni ya Kihindi, imetoka Batala kule Punjab, niliinunua mkononi Kampala ikiwa na kutu hadi kwenye bolti.

Kama huna sloti unaweza kutumia shepa yenye mkono mrefu wa kisu, au mashine ya kukereza, ukifunga kisu kwa ubavu na kusukuma behewa lake kwa mkono, kidogo kidogo, hadi bega likuume. Mambo ya kisu na ya sifuri nitakayoeleza hapa chini hayabadiliki.

Hatua ya 1: Jua kipimo kabla ya kugusa chuma

Mota ya huyu mama ni ya farasi 10, yaani kilowati 7.5, inayozunguka kama mara 1450 kwa dakika. Shafti ya mota ya namna hiyo kwa kawaida ni milimita 38, na yake ilikuwa 38. Kwa shafti iliyozidi 30 hadi 38, kii ni upana 10 na kimo 8. Ndani ya shafti inazama milimita 5, ndani ya puli 3.3.

Jumlisha: 5 na 3.3 ni 8.3, na kii ina kimo cha 8. Kwa hiyo juu ya kii hubaki uwazi wa 0.3. Si kosa la vitabu. Kii ya kawaida inashika kwa mbavu zake, wala haishiki kwa kichwa. Ukiibana juu, inaisukuma puli upande mmoja nayo inaanza kuyumba.

Vipimo vingine ninavyovihitaji mara kwa mara nimeviandika ukutani kwa chaki:

Shafti iliyozidi 22 hadi 30: kii 8 kwa 7, ndani ya puli 3.3.
Iliyozidi 38 hadi 44: kii 12 kwa 8, ndani ya puli 3.3.
Iliyozidi 44 hadi 50: kii 14 kwa 9, ndani ya puli 3.8.

Hata hivyo pima shafti ya mteja mwenyewe. Usimwamini anayekwambia "ni ile ya kawaida tu, fundi."

Kama unajiuliza kwa nini nahangaikia sehemu za milimita: mota hiyo ikifanya kazi kamili, nguvu inayosukuma ubavu wa kii ni sawa na uzito wa kilo 260 hivi. Ni magunia mawili na nusu ya mahindi yanayoning'inia kwenye kipande cha chuma kinene kama kidole. Mota ikiwashwa, kwa nukta chache nguvu hiyo huzidi mara mbili.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Puli ilikuwa ya chuma cha kusubu yenye mikono minne. Njia mpya iwe chini ya mkono wa puli, pale kitovu kilipo kinene, na mbali na tundu la skrubu. Mimi niliizungusha robo duara kutoka kwenye njia ya zamani. Wengine huipeleka upande wa pili kabisa wakidhani ndiko salama zaidi. Ukifanya hivyo, njia mbovu inakutazama kutoka ng'ambo, na ule ukuta mzima wa kupimia kina huna tena. Utaona mbele kwa nini unauhitaji.

Hatua ya 3: Noa kisu

Kisu changu ni cha haispidi, chuma kigumu cha visu vya mashine, upana wa 10 kamili nikiupima kwa maikromita. Unaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa sehemu mbili za mia za milimita (0.02) hivi, si zaidi. Uso unaotazama ukuta wa tundu urudi nyuma kidogo kadiri unavyopanda, nyuzi 4 hadi 6. Mbavu nazo zirudi, nyuzi 1 au 2 zinatosha; ukizidisha, kisu kinapoteza upana kila ukikinoa. Uso wa chini ndio unaosukuma chuma. Kwa chuma cha kusubu niliuacha karibu bapa. Kwa chuma laini ningeutia mteremko wa nyuzi 10 hivi.

Kisha chukua kinoo chenye mafuta, uvunje ukali wa pembe mbili za kisu kwa kama 0.3. Pembe kali kama wembe huacha pembe kali ndani ya kitovu, na nyufa huanzia hapo.

Mkono unaoshika kisu uwe mnene kadiri tundu linavyoruhusu na mfupi kadiri kitovu kinavyoruhusu. Mkono mwembamba hutetema, na mtetemo huo utausoma chini ya njia kama mistari ya bati la paa.

Hatua ya 4: Funga puli

Safisha meza. Safisha tena. Weka puli juu ya vipande viwili vya chuma vyenye unene uleule ili kisu kipate pa kutokea chini bila kugonga meza. Funga kwa klampu tatu, lakini usizikaze bado.

Bandika dayo geji, kile kipimo cha sindano kama saa, kwenye kichwa, ncha yake iguse ukuta wa ndani wa tundu, halafu zungusha sahani ya meza polepole. Sindano ikihama, gonga puli kwa nyundo ya plastiki. Njia ya zamani inasumbua hapa, kwa hiyo inua ncha kila unapoifikia. Mimi naridhika sindano isipohama zaidi ya 0.05. Ndipo kaza klampu, kisha pima tena, maana kukaza nako husogeza.

Hatua ya 5: Mistari miwili

Sasa kisu kiwe katikati na kisipinde. Kuna njia nyingi. Hii yangu haihitaji chombo cha bei. Paka ukuta wa tundu wino wa kalamu ya marka. Zima mashine, chomoa hata waya ukiweza, na ushushe kichwa kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sogeza meza kidogo kidogo kila ukishusha, hadi kisu kianze kukwaruza wino.

Tazama alama. Tundu ni duara na uso wa kisu umenyooka, kwa hiyo zinazogusa kwanza ni pembe zake mbili, si katikati. Kisu kikikaa sawa, utaona mistari miwili myembamba, ya urefu mmoja, iliyotokea kwa pigo moja, umbali wa milimita 10. Ukiona mmoja tu, kisu kiko pembeni au kimepinda. Rudisha, sogeza meza kushoto au kulia, paka wino, rudia. Mara ya nne au ya tano mistari hutokea pamoja. Hapo funga kabisa mwendo wa kushoto-kulia na sahani ya kuzunguka. Umebakiza mwendo mmoja tu.

Hatua ya 6: Sifuri ya uongo

Hapa ndipo nilipoharibu puli yangu ya kwanza. Nilipoona pembe zimegusa, niliweka gurudumu la meza kwenye sifuri, nikakata 3.3, nikafurahi. Kii haikuingia. Nikadhani ni ya bei rahisi, nikaipiga tupa juu kidogo, nikaipeleka kwa nyundo. Ikaingia, na kitovu kikapasuka kuanzia pembe ya njia hadi nje. Mwenye puli alikuwa amesimama palepale.

Kosa ni hili. Zile 3.3 hazipimwi kutoka pale pembe zilipogusa. Zinapimwa kutoka kwenye ukingo wa duara katikati ya njia, pahali ambapo kisu hakijafika bado. Kwa tundu la 38 na kisu cha 10, pembe zinagusa kama 0.67 kabla. Kwa hiyo kutoka kwenye mistari yako miwili, meza inatakiwa isafiri 3.3 na 0.67, karibu 3.97. Ukiishia 3.3, njia ina kina pungufu kuliko hata ule uwazi wa 0.3 unavyoweza kukuokoa.

Ukitaka kupata hiyo tofauti kwa tundu lingine, tumia simu: nusu ya tundu, zidisha kwa yenyewe (19 mara 19 ni 361). Toa nusu ya upana wa kisu iliyozidishwa kwa yenyewe (5 mara 5 ni 25). Tafuta kipeuo cha pili cha kinachobaki, unapata 18.33. Toa kwenye 19.

Lakini gurudumu la mashine kuukuu lina mchezo, na mimi silipi imani yote. Kipimo ninachokiamini ni vernia, ile rula yenye taya mbili: kutoka chini ya njia mpya hadi ukuta wa ng'ambo. Tundu 38 na kina 3.3 ni 41.3. Ukisoma 41.3, umefika, hata gurudumu liseme nini. Ndiyo maana niliutaka ukuta wa ng'ambo ukiwa mzima.

Hatua ya 7: Kata

Kitovu kilikuwa na urefu wa 65. Nikaweka pigo la 85: nafasi kubwa juu ili meza ipate wakati wa kusogea kisu kikiwa nje, na kidogo chini. Zungusha kwa mkono pigo zima, juu hadi chini, kabla ya kuwasha. Kila mara, hata kama ulifanya jana.

Niliendesha mapigo 50 kwa dakika. Kwa urefu huo kisu kinashuka kama mita 7 kwa dakika, chini ya nusu ya kile ambacho haispidi inaweza kustahimili kwenye chuma cha kusubu. Ila mkono wa kisu ni mwembamba, nami sina haraka. Sogeza meza 0.1 kwa kila pigo, tena kisu kikiwa juu, kamwe kisiwe ndani. Kwenye chuma laini shuka hadi 0.05 na udondoshee mafuta. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu. Unga wake uondoe kwa brashi, usiupulize kwa hewa, maana utaingia machoni na kwenye njia za meza.

Stima ikikatika katikati ya pigo, jambo ambalo hapa si habari, zima swichi kwanza ndipo ushangae. Ikirudi wakati vidole vyako vimo tunduni, mashine haitauliza.

Ilipobaki 0.2 nilipunguza hadi 0.03 kwa pigo. Nilipofika mwisho nikaacha mapigo manne ya bure, bila kusogeza kitu, kwa sababu mkono wa kisu hujipinda na hukata tena ukijinyoosha. Zima, subiri kichwa kisimame, pima mdomoni mwa juu na mdomoni mwa chini. Juu nilipata 41.3, chini 41.2. Mapigo matatu mengine ya bure yakasawazisha.

(Ile kii yenye kichwa cha kung'olea, ya magurudumu ya injini za dizeli za zamani, ni jambo tofauti: ina mteremko wa 1 kwa 100, na njia yake katika kitovu inateremka vilevile. Hiyo inashika juu na chini. Usichanganye sheria zake na hizi.)

Hatua ya 8: Jaribu

Ondoa vinyweleo vya chuma kwa tupa laini, kidogo tu kwenye midomo. Weka kii peke yake ndani ya njia ya puli kwanza: iingie kwa kusukumwa na kiganja, isitikisike kushoto wala kulia. Ikikataa, usifikirie nyundo. Paka wino, isukume, uone inapogusa.

Tulikwenda na mama hadi kwenye mashine yake. Kii ikalala kwenye shafti, puli ikateleza juu yake hadi mwisho bila kelele. Akainama, akamulika kwa simu, akauona ule uwazi mwembamba juu ya kii.

"Fundi, hapa umeacha nafasi. Si utie kipande cha bati?"

"Usitie kitu, mama. Nafasi hiyo nimeiacha makusudi."

Hakuridhika. Aliniambia nimwachie namba ya simu, na nilipokuwa nakaza skrubu nilimsikia akimwagiza kijana wake aangalie hapo kila asubuhi.