Tanga likae vipi ndo chombo kiende: kwa anayeanza ngalawa na mashua

Wakuu, kuna swali linarudi kila mara kwa wanaojifunza ngalawa au mashua ndogo: mbona mwenzangu tuko naye palepale, upepo uleule, tanga lake dogo kuliko langu, afu ananipita kama vile nimetia nanga? Mara nyingi jibu si chombo wala si bahati, ni umbo la tanga, na kwa anayeanza kosa karibu siku zote ni moja, kaivuta demani (ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga) mno. Ntaeleza kwa nini na ufanye nini, ila tuanze na hewa yenyewe, maana ukishajua hewa inafanya nini pale kwenye kitambaa hata huhitaji kukariri.

Kwanza toa kichwani hii habari ya kusukumwa. Tanga linasukumwa pale tu unapokwenda na upepo, unatoka nyuma tezini, tumbo limejaa, na hapo cha maana ni ukubwa wa kitambaa basi. Lakini upepo ukitoka ubavuni, au ukiwa unakwenda joshi, yaani kuelekea upande upepo unakotoka, unaubana kabisa, tanga halisukumwi, linaukunja upepo. Hewa inafika kwenye foromali, ule mti mrefu unaofungiwa ukingo wa mbele wa tanga, inagawanyika, inapita pande zote mbili ikifuata tumbo, na inapotoka kwenye ukingo wa nyuma imeshageuzwa kuelekea tezi. Sasa ukigeuza kitu chenye uzito kwenda kule, wewe unarudishwa huku, ndo ile sheria ya tatu ya Newton ya sekondari, na hewa ina uzito bwana, mita moja ya ujazo ni kama kilo 1.2 na zinapita mita za ujazo nyingi sana kwenye tanga kila sekunde.

Kama huamini nenda jikoni. Fungua bomba maji yatoke mkondo mwembamba, shika kijiko kwa ncha ya mkia kining'inie chenyewe, afu sogeza mgongo wake uguse maji. Utadhani maji yatakisukuma nje, kumbe kinavutwa ndani! Maji yamefuata mgongo yakapindishwa upande mmoja, kijiko kikaenda upande wa pili. Maji na hewa havifanani kwa kila kitu lakini hilo la kupindisha ni lilelile, na ndo maana upande wa nje wa tumbo, ule wa demani (hapa si kamba, ni upande upepo unakoelekea) ambao sisi tuliokaa joshini hatuuoni vizuri, ndo unafanya kazi kubwa. Huko nje hewa inakwenda mbio na presha inashuka, huku ndani inapungua kasi na presha inapanda kidogo, tofauti ya hizo mbili ndo inayolivuta tanga.

Na kabla hatujaendelea, kuna maelezo utayasikia sana, eti hewa ya nje inakimbia kwa sababu njia yake ni ndefu na lazima ifike mwisho wa tanga pamoja na ile ya ndani. Si kweli. Hakuna kinachozilazimisha zifike pamoja, na tanga ni kitambaa chembamba, nje na ndani urefu karibu ni uleule, kwa hesabu hiyo ngalawa isingetoka ufukweni. Kwamba kasi na presha vinahusiana ni sawa kabisa, Daniel Bernoulli aliandika hayo 1738, ila hewa inakimbia kwa sababu imepindishwa na sio kwa sababu ina miadi.

Haya, turudi kwenye demani. Hewa ya nje inakubali kufuata mgongo wa tumbo kama kona si kali. Ukivuta demani mpaka kona kati ya upepo na tanga ikapita kama nyuzi 15 au 20 hivi, hewa inashindwa kugeuka, inabanduka kwenye kitambaa na nyuma yake inabaki mizunguko tu. Nguvu ya kwenda mbele inashuka, nguvu ya kulaza chombo na kukiserereshea pembeni inabaki, unaona mnalala mnarusha maji unahisi mnakimbia kumbe mnateleza upande. Ubaya wa hii hali ni kwamba tanga linaonekana zuri! Limejaa, limetulia, halipigi kelele. Tanga lililolegea linakwambia lenyewe kwa kupigapiga, lililokazwa mno linanyamaza, kwahiyo mwanafunzi akiachiwa ajiamulie siku zote atakaza.

Dawa yake ni hii. Legeza demani taratibu mpaka kitambaa cha mbele kule karibu na foromali kianze kutetemeka. Kikishaanza tu, vuta kidogo, kidogo sana, mpaka kitulie. Hapo hapo ndo penyewe. Baada ya dakika mbili tatu rudia tena, maana upepo hautulii sehemu moja, na kila nahodha akibadili uelekeo rudia. Ukiwa na wasiwasi kama umekaza au umelegeza, legeza.

Kinachosaidia zaidi ni nyuzi. Chukua utepe wa kaseti ya zamani kama bado unao nyumbani, au uzi mwepesi wa kufumia, kata vipande vya urefu wa shibiri moja, bandika pande zote mbili za tanga kama sentimita 30 nyuma ya foromali, pea moja chini, moja katikati, moja juu. Zote mbili zikilala zinaelekea nyuma, hewa imeshika vizuri. Wa ndani, upande wa joshi, ukiruka juu na kucheza, vuta demani au mwambie mshika usukani aondoe omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo kidogo. Wa nje ukizungukazunguka au ukining'inia, hewa imeshabanduka, legeza. Kwa kifupi, lipeleke tanga upande ule ambao uzi unacheza. Kwenye kitambaa chepesi uzi wa nje unauona kivuli chake jua likiwa upande ule, kwenye turubai la bluu huoni kitu, itabidi mtu mmoja ainame achungulie chini ya tanga.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kwamba upepo unaolifikia tanga sio ule unaouona kwenye minazi. Tuseme upepo ni kilomita 20 kwa saa unatoka ubavuni kabisa, na ngalawa inakwenda 10. Kwa mwendo wako unajitengenezea upepo mwingine wa usoni, vikichanganyika tanga linapata kama kilomita 22, na haitoki tena ubavuni, imesogea kama nyuzi 27 kuelekea omo. Kwahiyo chombo kikishika kasi lazima uvute demani kidogo, kikipunguza kasi ulegeze, na kwenye kuondoka ndo watu wengi wanakosea, wanakaza wakiwa bado wamesimama.

Sasa tumbo lenyewe. Liwe na kina gani? Pima hivi, kaa chini katikati ya chombo, piga picha ya simu ukielekeza juu tanga likiwa limejaa, afu kwenye picha vuta mstari ulionyooka kutoka kwenye foromali mpaka ukingo wa nyuma kwa usawa mmoja. Kama huo mstari ni mita 3 na tumbo limeingia sentimita 30, una moja kwa kumi, hiyo ni ya kawaida kwa upepo wa wastani. Tumbo kubwa kuliko hapo linatoa nguvu nyingi, linafaa upepo hafifu na maji yenye mawimbi mafupi yanayokusimamisha kila saa, ila halikubali kuubana upepo. Tumbo dogo linakubali joshi na halikulazi sana, ila nguvu ni chache. Na tumbo likae wapi, hilo ni muhimu kuliko kina kwa maoni yangu. Kilele chake kiwe mbele ya katikati kidogo. Kikirudi nyuma, ule ukingo wa nyuma unajikunja kama unaurudisha upepo joshini, unavuta chombo pembeni badala ya mbele, na utaisikia kwenye usukani, unakuwa mzito, chombo kinalazimisha kupanda joshi na unapigana nacho mpaka mkono unauma.

Upepo ukizidi kitambaa kinanyumbuka na tumbo linajisogeza lenyewe nyuma, hasa merikani ya zamani na haya matanga ya kushona kwa viroba. Dawa ni kukaza kitambaa kwenye foromali, ule ukingo wote unaofungwa kwa kamba uvute zaidi kuelekea ncha kabla hujapandisha. Ukitaka tumbo zaidi kwa upepo mdogo, uulegeze. Soma makunyanzi: mikunjo mifupi inayotoka kwenye foromali kwenda nyuma maana yake umelegeza mno, mkunjo mmoja mrefu unaofuata foromali maana yake umekaza mno. Na kama ndo unakwenda kushonesha jipya, mwulize fundi ukingo wa foromali anaukataje. Akiukata umenyooka kabisa tumbo litatokana na kunyumbuka tu na hutaweza kulitawala, anatakiwa auache umebinuka nje kidogo, hicho kitambaa cha ziada kikifungwa kwenye foromali iliyonyooka ndo kinaingia ndani na kuwa tumbo. Dasi nayo, ile kamba inayoshonwa kwenye ukingo wa tanga, ikishonwa imekazwa kuliko kitambaa, ukingo wa nyuma utajikunja milele na hakuna demani itakayokusaidia.

Juu na chini ya tanga pia si sawa. Upepo ulio karibu na maji unasuguana nayo na kupungua, kule juu una kasi zaidi, na kwa hesabu ileile ya mwendo wa chombo upepo wa juu unakuja umeelekea nyuma zaidi kuliko wa chini. Kwahiyo tanga la juu linatakiwa lifunguke kuliko la chini, sio ukuta ulionyooka. Foromali nzuri inakufanyia hiyo kazi bure, ncha yake nyembamba inapinda upepo ukivuma kwa ghafla, inaangukia demani na kumwaga upepo, mkitulia inarudi. Ndo maana mtu akibadilisha na bomba la chuma kwa sababu "halivunjiki" anashangaa chombo kimekuwa kigumu kukiendesha. Wewe unachoweza kubadili ni pale unapofungia demani: ukisogeza mbele, kamba inavuta chini zaidi na ukingo wa nyuma unakaza, juu kunafunga, ukisogeza kuelekea tezi, inavuta nyuma, chini kunakuwa bapa na juu kunafunguka. Angalia ile pea ya nyuzi ya juu, kama ya nje imekufa wakati ya chini iko sawa, sogeza tezini.

Usisahau mlingoti. Tanga letu la pembetatu lina upande mmoja ambao likibaki linaegemea mlingoti, tumbo linakatwa vipande viwili na hewa ya nje inavurugika. Kwa kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, mara mbili tatu kwenye mlango mwembamba unaweza kuvumilia, kwa safari ndefu lipitishe upande wa demani kama vyombo vikubwa vinavyofanya, vinazungusha tezi kwenye upepo na kulipitisha tanga mbele ya mlingoti. Wakati wa kufanya hivyo vichwa chini na kamba mkononi, foromali haina huruma.

La mwisho, nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake, inapanda kwa mraba. Kutoka kilomita 20 kwenda 28 kwa saa tayari nguvu inakaribia mara mbili, na ikifika 40 ni mara nne. Kwahiyo kusi ya mwezi wa saba ikianza kukulaza fuata mpangilio huu: kaza kitambaa kwenye foromali tumbo liwe dogo, sogeza demani tezini juu kufunguke, watu wakae joshini, na ukipigwa na upepo wa ghafla legeza demani kwanza kabla ya kugusa usukani. Demani usiifunge fundo, ishike mkononi au izungushe mara moja tu. Kama TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wametoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, wewe bado unajifunza, vuta chombo mchangani, kaa kivulini ubandike nyuzi zako.