Kabla ya Kuongeza Taa na Swichi, Ifahamu Kwanza Saketi ya Nyumba Yako

Anayetaka kuongeza taa barazani au uani huuliza kwanza kama saketi iliyopo, yaani njia ya nyaya inayolisha taa, itaimudu, ilhali swali hilo ndilo jepesi kuliko yote. Umeme wa majumbani Uganda ni wa volti 240, na pale saketi ya taa inapolindwa kwa breka (swichi inayojizima umeme ukizidi) ya ampea 6, kama ilivyo kawaida, inaweza kubeba takriban wati 1,440. Balbu kumi za LED za wati 9 kila moja hutumia wati 90 tu. Swali zito ni hili: waya wa moto (unaoleta umeme) na waya wa nyutro (unaourudisha) wa taa hiyo mpya vitatoka wapi?

Umeme hutoka kwenye mita ya Yaka, yaani ya kulipia kabla, ukaingia kwenye kisanduku cha breka, kisha waya wa moto hupita kwenye breka ya taa, ukaenda kwenye swichi na hatimaye kwenye balbu, ndipo nyutro inaurudisha. Ni lazima swichi ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa itazimika lakini kishikio cha balbu kitabaki na moto, na anayebadilisha balbu gizani anaweza kupigwa na umeme huku akiamini kwamba amezima.

Katika nyumba nyingi za matofali nyaya hupitishwa mojamoja ndani ya mabomba ya plastiki, na mafundi huuvusha moto kutoka swichi hadi swichi na nyutro kutoka taa hadi taa. Ndiyo maana ukifungua swichi huenda usikute nyutro hata kidogo. Waya mweusi utakaouona hapo pengine ni ule unaopeleka moto kwenye balbu swichi inapowashwa. Rangi zenyewe si ushahidi wa kutegemewa: katika mfumo wa zamani moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi, katika mfumo mpya moto ni kahawia na nyutro ni bluu, na bluu hiyohiyo zamani ilikuwa fezi mojawapo, yaani waya wa moto, katika umeme wa fezi tatu.

Nyutro inapokosekana, wapo wanaoiazima kwenye saketi nyingine iliyo karibu. Nawasihi msikubali jambo hilo. Siku fundi atakapozima breka ya saketi moja, nyutro aliyoishika inaweza kuwa bado inapitisha umeme wa saketi ya pili, naye akiikata atajeruhiwa. Kuchukua umeme moja kwa moja kwenye soketi nako ni hatari, kwa kuwa breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa wa milimita 1.5 za mraba. Hapo huhitajika fyuzi ndogo ya kuulinda.

Chora basi ramani ya saketi: zima breka za taa mojamoja, na uandike kila moja imezima taa zipi. Kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa, swichi kuu izimwe, na pia inveta ya sola au jenereta kama ipo, kwa sababu vifaa hivyo vinaweza kuendelea kulisha taa hata mita ikiwa imezimwa. Umeme wa mtaa kukatika hakuhesabiwi kuwa ni kuzima, maana hurudi bila taarifa. Tesita, kifaa cha kuonyesha kama waya una umeme, ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye nyaya zinazohusika, kisha irudishwe pale pa kwanza ili ijulikane kwamba haijaharibika katikati ya kazi.

Kuunganisha nyaya ni kazi ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme (ERA). Mpe ramani yako, na kabla hajatoboa ukuta akuonyeshe nyutro ataitoa taa ipi. Taa ikiwa ya chuma, hakikisha waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umefika. Ikiwa ya nje, chagua iliyozibwa isiingie maji ya mvua.