Mgombea akiongelea wakimbizi na mpaka huku Kigoma, msome hivi

Kila kampeni zikianza huku Kigoma hotuba zinafanana, barabara, maji, umeme, bei ya mawese, alafu katikati mgombea anachomekea habari za wakimbizi na mpaka. Akiwa Kasulu anasema kambi zifungwe watu warudi kwao, akifika Manyovu kwenye mpaka wa Burundi anasema mama zetu waachwe wavuke wafanye biashara bila usumbufu, akishuka Ujiji anasema wenyeji wasinyanyaswe kwenye mambo ya vitambulisho. Kote anapigiwa makofi. Sisemi kwamba anadanganya, inawezekana kabisa yote matatu anayaamini, ila ukitaka kujua lipi atalishupalia akishapata kiti lazima ujue kuwasoma wapiga kura wake, na ndo nataka nielekeze hapa, kwasababu nasikia vijiweni watu wanabishana mpaka wanataka kushikana mashati na hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani ana kura na nani hana.

Cha kwanza basi, tenganisha waliopo na wanaopiga kura. Katiba ibara ya 5 inasema raia mwenye miaka 18 na kuendelea, imeisha. Mkongo aliyeingia kambi ya Nyarugusu huku Kasulu mwaka 1996 inaanzishwa, kaolea pale, kazalia pale, na mtoto wake anaongea Kiswahili kama mimi na wewe, wote hawana kura. Mrundi aliyeingia 2015 hana kura. Sasa hawa ndo watu ambao sera ya wakimbizi inawagusa kuliko mtu yeyote, chakula chao, ruhusa ya kutoka kambini, lini warudishwe, na hakuna diwani wala mbunge atakayepoteza kiti kwa kuwasema vibaya. Hilo lishike vizuri maana linaeleza mambo mengi sana. Kumlaumu asiye na kura hakumgharimu mwanasiasa kitu, kwaiyo ukisikia shida zote za wilaya, wizi, misitu kuisha, hospitali kujaa, zinatupiwa kambi peke yake, jiulize mbona aliyekaa na bajeti ya halmashauri hatajwi.

Alafu endelea kupunguza. Sensa ya 2022 ilihesabu Kigoma watu karibu milioni 2.5, ila nchi yetu ni ya vijana, karibu nusu ya watu wote hawajafika miaka 18, nao watoe. Waliobaki watoe wasiojiandikisha. Kisha watoe waliojiandikisha ila siku ya kura hawapo, na huku kwetu hao sio wachache, vijana wangapi wa Kasulu na Kibondo wako Urambo na Kaliua kwenye mashamba ya tumbaku na kadi zao zinasoma kituo cha nyumbani? Anayebaki kijijini siku hiyo ni mama, mzee, mkulima mwenye shamba lake, na mgombea anamjua huyo vizuri kuliko unavyodhani, ndo maana hotuba inaongea lugha ya mashamba na kuni zaidi ya lugha ya kijana anayetafuta ajira. Takwimu za umri na jinsia za sensa zipo wazi kwa Taasisi ya Taifa ya Takwimu, sio siri, ukitaka kujua mkoa wako au wilaya yako umri gani ndo wengi unaangalia mwenyewe.

Cha pili, angalia kundi limekaa pamoja au limetawanyika. Watu elfu hamsini waliosambaa nchi nzima hakuna anayewaogopa, ila elfu hamsini hao hao wakiwa jimbo moja ni wafalme. Mfano mzuri hauko mbali, uko Tabora, Ulyankulu. Pale walifikia Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakapewa ardhi, wakalima, na kwa miaka mingi walikuwa chini ya mkuu wa makazi wa serikali. Mwaka 2007 serikali ikaamua kuwapa nafasi ya kuomba uraia, wao na wenzao wa Katumba na Mishamo kule Katavi, na zaidi ya watu 162,000 wakapewa. Mpango wa mwanzo ulikuwa wahamishwe watawanywe mikoa mingine, baadae ukaachwa wakabaki walipo, na vyeti vyenyewe walianza kukabidhiwa 2014, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Sasa jaribu kuwaza tofauti yake. Jana ulikuwa mtu wa kuombewa ruhusa ya kusafiri, leo anayetaka udiwani anakuja kukaa kwenye benchi lako anakuuliza unataka nini. Mtu ni yuleyule, shamba ni lilelile, kilichobadilika ni karatasi na kituo cha kupigia kura. Kwa maoni yangu uamuzi ule ni moja ya mambo makubwa na mazuri nchi hii imefanya na hatuongelei inavyostahili.

Marekani walionyesha kitu kama hicho kwa upande wa pili. Mwaka 1994 California walipitisha kwa kura ya wananchi kitu kilichoitwa Proposition 187, kuwanyima shule na matibabu yasiyo ya dharura wahamiaji wasio na vibali, kikapita kwa karibu asilimia 59. Mahakama zikakizuia, ila cha maana zaidi ni kilichofuata, Walatino wengi wenye haki ya kuomba uraia wakaomba, wakajiandikisha, na chama cha Republican kilichokuwa na nguvu jimbo lile taratibu kikadhoofika. Wanasiasa walihesabu wapiga kura waliokuwepo siku ile, wakasahau kuhesabu wanaokuja.

Cha tatu ndo watu wengi wanakosea. Usikisie kura ya mtu kwa damu yake au ukoo wake. Watu wa mbali wanadhani kwavile sisi Waha, wenyeji wa Kigoma, tunasikilizana lugha na Warundi na tuna ndugu pande zote mbili, basi Kigoma yote itapigia kura mpaka wazi. Nenda Makere pale karibu na Nyarugusu uone. Kuna mama ana shamba la mihogo njia ya kambini, anaamka asubuhi anakuta mashimo, mihogo imeng'olewa usiku, miti yake imelazwa chini majani bado mabichi, na kuni ambazo zamani alikuwa anaokota nyuma ya nyumba sasa hivi anazifuata mbali. Huyo mama ukimwambia habari za ukarimu anakusikiliza kwa heshima tu, kura yake iko kwa anayesema kambi ifungwe. Hatua chache kutoka kwake kuna mwenye duka aliyekuwa anauza chumvi, sabuni, vitenge na ananunua maharage na mafuta kutoka kwa watu wa kambini, masoko ya pamoja yalipofungwa mtaji wake ukakatika, huyo kura yake iko kwa anayesema soko lirudi. Kabila moja, kijiji kimoja, labda hata wanasali kanisa moja. Ukitoka hapo shuka Kibirizi, kina mama wa dagaa na mawese wanaotegemea maboti na wateja wa ng'ambo, wao mpaka ukifungwa wiki moja tu watoto hawaendi shule. Kwaiyo swali la kuuliza sio huyu ni kabila gani, uliza anakula kupitia nini, na mpaka unampa au unamnyang'anya.

Na hii sio ya Kigoma tu. Texas kuna kaunti inaitwa Starr, iko mtoni kabisa mpakani na Mexico, zaidi ya asilimia 95 ya watu wake ni wa asili ya Kilatino. Mwaka 2016 Hillary Clinton, mgombea urais wa Democratic, alipata pale karibu asilimia 79. Mwaka 2024 ikampa ushindi Donald Trump, mtu aliyeahidi kufukuza wahamiaji kwa mamilioni, na ilikuwa mara ya kwanza mgombea wa Republican kushinda pale tangu miaka ya 1890. Waliokaa Washington wakashika vichwa. Ila ukisikiliza watu wa pale wanaongelea bei za vitu, wanaongelea kazi, na wengi wao wameajiriwa kwenye ulinzi wa mpaka huohuo, wanaongelea pia wageni waliokuja juzi bila foleni wakati wao familia zao zimekaa pale vizazi na vizazi. Mtu anaweza kuwa na asili ya ng'ambo na akataka mpaka ufungwe, akili hiyo ipo na huku kwetu ipo, usishangae.

Cha nne, pima kasi, usipime wingi peke yake. Uingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya 2016, London iliyojaa wageni kutoka dunia nzima ilitaka kubaki, karibu asilimia 60. Iliyoongoza kutaka kutoka ni Boston, mji mdogo wa mashambani kule Lincolnshire, asilimia 75.6, ambapo wageni wa Ulaya Mashariki walikuja kwa wingi ndani ya muda mfupi baada ya 2004. Na Ujerumani chama cha AfD kinachopinga wahamiaji kilipata karibu asilimia 21 ya kura 2025 na ngome yake ni majimbo ya mashariki ambako wageni ni wachache kuliko magharibi. Ukiunganisha unaona waliozoea kuishi na wageni mara nyingi hawatishiki, wanaotishika ni waliobadilikiwa ghafla, au walio mbali wanaosikia tu. Sasa rudi huku. Kagunga mwaka 2015, kijiji cha pwani ya ziwa, watu maelfu kwa maelfu kutoka Burundi wamelala mchangani, kipindupindu kimeingia, MV Liemba inawabeba kuwaleta mjini. Kakonko mwaka uliofuata ikafunguliwa kambi ya Mtendeli, ambayo baadae 2021 ikafungwa. Maeneo kama hayo ndo hisia zinakuwa kali, na mgombea mwenye akili anajua aseme nini wapi. Na usisahau mpiga kura wa Dar au Mwanza ambaye Nyarugusu hajawahi kuiona, kwenye kura ya urais kura yake ina uzito sawa na ya mama wa Makere na wao wako wengi zaidi.

Hapohapo angalia jimbo lina ushindani au la. Kigoma ina historia, 2010 NCCR-Mageuzi walichukua majimbo manne, Kigoma Kusini, Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini, wakati sehemu nyingine nyingi chama hicho hakikuwa na kitu. Sehemu ambayo kiti kinaweza kupotea, mbunge anasikiliza hata malalamiko ya kuni. Sehemu ambayo kiti ni cha uhakika, malalamiko yanasubiri.

Cha tano ni kifupi ila muhimu. Uliza anayeahidi ana mamlaka gani. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, wakimbizi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Diwani hafungi mpaka. Mbunge hafungui kambi, anaweza kusukuma, kuuliza maswali bungeni, kukomalia waziri, basi.

Alafu uwe mkweli kwamba kura hazielezi kila kitu. Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi, na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi 1992 ulikuwa Oktoba mwaka huohuo, kwaiyo ni rahisi kusema walifunga kwa ajili ya kura. Kura zilikuwepo ndani yake, ndio, wabunge wa Kagera na Kigoma sasa walikuwa na wapinzani majukwaani. Lakini mwaka mmoja nyuma watu kama 250,000 kutoka Rwanda walikuwa wamevuka mpaka wa Rusumo ndani ya saa ishirini na nne hivi, kambini kulikuwa na wauaji wenye silaha wamejichanganya na raia, na fedha za wafadhili hazikutosha. Hata 2018 tulipojitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa wakimbizi, suala la pesa za wahisani na usalama lilitajwa waziwazi. Ukisema kila kitu ni kura utakosea, ukisema kura hazihusiki utakosea zaidi.

Sasa kwa vitendo. Kabla ya kwenda mkutanoni hakikisha jina lako. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura likiwekwa wazi kwenye kata nenda kaangalie, na huku mpakani hili ni zito kuliko sehemu nyingine kwasababu mtu anaweza kukuwekea pingamizi kwamba sio raia, na watu wa huku tunajua kuulizwa babu yako kazikwa wapi na bibi yako alitokea kilima gani. Andaa vyeti vyako na vya wazazi mapema, mzee asiyejua kusoma msaidie, usimwache apambane peke yake dirishani. Inauma kuona mzee aliyelima nchi hii miaka sitini anatoka ofisini kichwa chini.

Mkutanoni usiulize swali la jumla kama utafanya nini kuhusu wakimbizi, atakujibu kwa jumla na atapigiwa makofi. Uliza la kubana. Soko la pamoja la kambini unataka lirudi au lisirudi, na liendeshwe vipi? Mama wa Kibirizi au Manyovu anayevuka na bidhaa ndogo atatendewaje pale mpakani? Mwenyeji aliyenyimwa kitambulisho kwa kushukiwa Mrundi anakata rufaa wapi na ndani ya siku ngapi? Wanaorudishwa Burundi, nani anahakikisha wanarudi kwa hiari yao? La mwisho hilo liulize hata kama ni wewe tu unayelijali kwenye uwanja mzima, maana wenyewe hawana kura ya kuulizia.

Andika jibu, tarehe na mahali aliposema, au mrekodi kwa simu. Msikilize na akiwa wilaya nyingine, ukiwa na ndugu Kibondo au Buhigwe mwambie akurekodie na yeye. Na kama mgombea alishawahi kuwa mbunge kazi ni rahisi zaidi, Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge, unatafuta jina lake na maneno wakimbizi, mpaka, uraia, vitambulisho, unaona alisimama mara ngapi na alisema nini akiwa Dodoma ambako sisi wa Kasulu hatukuwepo kumsikia.