Kubadilisha waya wa kuchukulia umeme kwenye vani ya kulala: kazi yote iko kwenye jointi

Mwaka wa kwanza tulipoinunua vani yetu, ya 1996, mkononi kwa mtu huku Marekani, tulilala kambini Michigan usiku wa baridi kali, hita ya wati 1500 inawaka na friji nalo linavuta, mke wangu akaniamsha anasema anasikia harufu ya plastiki inaungua. Nikatoka na tochi mpaka kwenye nguzo ya umeme, kile kinguzo kifupi cha kambi chenye soketi na breka, nikazima breka, nikagusa plagi haishikiki kwa moto. Nilipoichomoa mguu mmoja ulishageuka rangi, bluu na kahawia, na plastiki iliyouzunguka imeyeyuka imebaki kama nta ya mshumaa. Na breka haikuruka! Hiki ndo kitu nataka mkielewe kabla hamjashika bisibisi: breka inaangalia ampea zikizidi, haioni jointi iliyolegea, umeme wa halali kabisa ukipita kwenye jointi mbovu unazaa moto palepale na breka iko kimya.

Tuliokulia Afrika Mashariki tunakosea hapa kwa sababu kule ni volti 230 mpaka 240, huku ni 120. Hita ileile ya wati 1500 nyumbani inavuta ampea 6 na kidogo, huku inavuta 12 na nusu, na ampea zikizidi mara 2 joto kwenye jointi linazidi mara 4. Kwa hiyo plagi ambayo kule ungesema "bado inafanya kazi, iache" huku usiiache.

Vani nyingi za umri huu ni za ampea 30. Plagi yake ina miguu mitatu, miwili imekaa kiupande na mmoja wa duara wa arthi, inaitwa TT-30, na kwa volti 120 mwisho wako ni wati 3600, lakini kwa matumizi ya masaa mengi usizidi ampea 24, yani kama wati 2880. Kebo yake ni ya geji 10 (geji ni namba ya unene wa waya), yenye nyaya tatu ndani. Kumbuka geji za huku zinaenda kinyume, namba ikiwa ndogo waya ni mnene, geji 10 ni karibu milimita za mraba 5.3, ile ekstensheni ya rangi ya chungwa ya geji 16 ni kama 1.3 tu, usiitumie kuendeshea hita hata kwa usiku mmoja. Urefu mimi nimechukua futi 25, ukihitaji zaidi nunua ya 50 lakini usiunge vipande vipande, kila kipande kinaongeza jointi za kupata moto.

Watu wananiuliza kuhusu kupandisha iwe ya ampea 50. Ndugu zangu hiyo siyo kubadilisha waya, ile inakuja na laivu mbili (laivu ni waya unaoleta umeme) na paneli lazima ibadilike na kila kitu, achana nayo. Apgredi ya maana ni hii: kuondoa ule waya uliofungwa moja kwa moja ndani ya gari unaojikunja kwenye kasha lake, na kuweka soketi ya ubavuni ya kuzungusha mpaka ijifunge, kama za kwenye boti, aina yake inaitwa L5-30. Waya unachomoka wote unaufunga kwenye begi, lile tundu walilokuwa wanapitia panya unaliziba, na waya ukiharibika safarini unanunua mwingine dukani bila kufungua kabati.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa waya kwenye nguzo, zima jenereta, zima inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa 120), zote tatu, halafu pima kwa mita kama kweli hamna umeme, usiamini swichi. Fuata waya wa zamani ndani mpaka unapoishia, kwangu ulipita nyuma ya kabati la nguo ukaingia kwenye boksi dogo la chuma, nyaya zimeunganishwa kwa vile vikofia vya plastiki vya kusokotea. Piga picha kabla hujafungua chochote. Kikofia cha waya mweupe nilipokivuta kilitoka na nyuzi zimevunjika, shaba imekuwa nyeusi inapukutika kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuungua, yani jointi ya pili ilikuwa inaungua ndani ya kabati, karibu na nguo za watoto, na mimi nilikuwa nahangaika na plagi ya nje tu. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, ukikata inchi mbili bado nyeusi endelea kukata.

Rangi, tafadhali someni hapa polepole. Mafundi wetu waliojifunza nyaya za zamani za mtindo wa Kiingereza wanajua nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, yani waya wa kurudishia umeme. Huku NYEUSI NDIYO LAIVU, nyeupe ni nyutro, kijani ni arthi. Nyeusi inaenda kwenye skrubu ya rangi ya dhahabu, nyeupe kwenye ya rangi ya fedha, kijani kwenye ya kijani. Na ndani ya gari nyutro na arthi zisiunganishwe pamoja hata kama umeona paneli ya nyumbani zimeunganishwa, kwenye gari zinakaa mbalimbali, ukiziunganisha bodi ya gari inaweza kubeba umeme na mtu akishika mlango amesimama kwenye nyasi mbichi anapigwa.

Ncha za waya usizipake risasi ya kulehemu kabla ya kukaza, risasi inalainika taratibu chini ya skrubu na jointi inalegea yenyewe. Sokota nyuzi vizuri, zote ziingie, hata moja isibaki nje, kaza, subiri dakika kumi kaza tena, utaona skrubu inazunguka kidogo, shaba imekaa. Kile kibano cha kushika mpira wa waya kikaze kweli, ili mtu akijikwaa kwenye waya mvuto uishie kwenye mpira usifike kwenye skrubu.

Kutoboa bodi: pima mara mbili, angalia nyuma hamna waya wala bomba, toboa, ukingo wa bati piga msasa upake rangi isije ikala kutu, weka soketi na silikoni juu na pembeni, chini acha wazi maji yatoke. Soketi ya gari inakuwa na miguu ya kiume na waya unakuwa wa kike upande huo, kamwe usitengeneze waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Na kama una jenereta au inveta hakikisha kuna swichi ya kuhamisha umeme, la sivyo ile miguu ya ubavuni itakuwa na umeme mtoto akiigusa.

Kupima: kabla ya kuchomeka, hakikisha kwa mita hakuna njia ya umeme kati ya nyeusi na kijani. Ukishachomeka, nyeusi na nyeupe isome karibu 120, nyeusi na kijani karibu 120, nyeupe na kijani karibu sifuri. Halafu washa hita nusu saa, shika plagi zote kwa mkono, vuguvugu sawa, ikikulazimisha uachie basi kuna jointi haijakaa, fungua upya.

Kambini, pima nguzo kwanza kabla hujachomeka. Kuna mafundi wa majumbani wanaiona TT-30 wanadhani ni ya mashine ya kukaushia nguo wanaifunga 240, na hiyo inaweza kuunguza vifaa vya umeme ndani ya gari kwa sekunde. Mimi nimeweka kifaa cha kulinda kinachokata umeme volti zikizidi au zikipungua. Zima breka ya nguzo, chomeka, ndo uwashe, na kuondoka vilevile zima kwanza, maana zile cheche za kuchomoa na mzigo ndo zinazokula miguu ya plagi. Usiku wa kwanza kila kambi, baada ya hita kuwaka saa moja, naenda naigusa plagi kabla sijalala.