Ukinunua kitabu cha mafanikio, kisome hivi

Nauza vitabu vya mtumba pembeni mwa barabara hapa Posta, Dar es Salaam, mwaka wa 11 sasa. Haipiti siku bila kijana kuniuliza: "Dada, kitabu gani kitanitoa kimaisha?" Namwonyesha, ananunua. Baada ya miezi vingine hurudi, maana nilivyouza huvinunua tena. Ukivifungua, kurasa za mwanzo zimejaa mistari ya penseli, na pembeni pameandikwa NAWEZA kwa herufi kubwa. Kufika sura ya nne karatasi ni safi kabisa. Inaniuma kila mara, kwa sababu naijua hela aliyotoa.

Kwa hiyo nakueleza kwanza namna ya kukisoma.

Anza na ukurasa wenye mwaka. Think and Grow Rich cha Napoleon Hill kilitoka 1937, Marekani ikiwa kwenye mdororo ambao mwaka 1933 uliwaacha bila kazi karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne. Mtu ambaye kiwanda kimefungwa, akiambiwa utajiri unaanzia kwenye mawazo yake, amepata walau kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Ndiyo maana kinapendwa mpaka leo, nami sikidharau. Asubuhi ambayo hujauza hata kimoja unahitaji neno la kukuinua. Ila neno hilo halikuonyeshi hela itatoka wapi.

Kisha jiulize: huyu aliyajuaje haya? Hill anasimulia kwamba Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, ndiye aliyemtuma achunguze siri za matajiri. Carnegie alifariki 1919, na David Nasaw aliyeandika historia ya maisha yake anasema hakupata ushahidi wowote kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Sasa mtazame Dale Carnegie, ambaye si ndugu wa yule tajiri. Huyu alianza 1912 kuwafundisha watu wazima wa New York kuzungumza mbele za watu, madarasa ya jioni, na kitabu chake cha 1936, How to Win Friends and Influence People, kilitoka humo darasani, kwa watu waliokwenda kujaribu kisha wakarudi kusimulia. Ushauri wake wa kukumbuka jina la mtu unafanya kazi hata hapa barabarani, ila nimeugeuza kidogo: mtu mzima namwita Baba Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, halafu namuuliza huyo mtoto sasa yuko darasa la ngapi.

Baada ya hapo chagua tendo moja, tena likate kwa kipimo chako. The Richest Man in Babylon cha George Clason kilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima, vikakusanywa baadaye kuwa kitabu. Aliyevigawa alitaka watu waweke akiba, lakini ushauri wenyewe ni mzuri: tenga moja ya kumi ya kipato kabla hujatumia. Nilijaribu. Kila jioni nilikaa na daftari nikitafuta moja ya kumi ya kitu nisichokijua, kwa sababu faida ya siku huijui mpaka utoe nauli, chakula, ushuru na hela ya mzigo mpya. Mwezi wa pili nikaacha. Nilipoanza tena nilibadili: kila kitabu kinachouzika, shilingi 500 inaingia kwenye kibubu palepale, kabla mteja hajageuka. Vitabu sita, 3,000. Kitabu kimoja, 500. Siku ya patupu sidaiwi. Kibubu kikaanza kuwa kizito.

Ikaja masika. Maji yalipita chini ya turubai usiku, asubuhi nikakuta maboksi mawili yamevimba, kurasa zimegandana. Wiki hiyohiyo mama akalazwa. Nilivunja kibubu, kikaisha kwa siku nne, ingawa siku hizo nne sikukopa kwa mtu. Nilirudi kwa Hill, nikakuta anasisitiza hamu: utake kwa moyo wote. Nikaamini sikutaka vya kutosha, nikawa nalala najilaumu. Hapo ndipo vitabu hivi vinapoumiza watu. Aliyeharibiwa mzigo na mvua asiambiwe kasoro iko kichwani mwake. Unaposoma, kaa na karatasi uandike yale ambayo kitabu hakiyataji na wewe unayabeba: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ada, ndugu wanaokutegemea. Kama una mkopo wa kausha damu, maliza huo kwanza, kwa sababu kibubu hakishindani na riba ya kila wiki.

La mwisho, usisome peke yako. Samuel Smiles alitoa Self-Help mwaka 1859 huko Uingereza, na jina la kitabu maana yake ni kujisaidia mwenyewe. Lakini soma utangulizi. Vijana wachache wa kazi walikutana jioni za baridi kufundishana. Wakaongezeka, wakakodi ukumbi uliokuwa hospitali ya muda ya kipindupindu, ambao watu waliuogopa na hakuna aliyetaka kuupanga. Walipofika kama 100 wakamwomba Smiles aje azungumze nao, na kitabu kikatokana na mazungumzo hayo.

Sisi tuko watatu: mimi, fundi simu na mama ntilie wa kona ya pili. Jumamosi tukishafunga tunasoma sura moja kwa sauti, fundi anatutafsiria Kiingereza kinapokaza, kisha kila mmoja anataja atakachofanya kabla ya Jumamosi ijayo. Masika ya mwaka huu fundi, ambaye hulala kibandani kwake, alinipigia saa tisa usiku kuniambia mvua imeanza, na maboksi yangu ameshayapandisha juu ya meza.