Unaenda duka la dawa? Soma hii kabla hujapanda bajaji

Haya maduka makubwa ya dawa yenye matawi yana raha yake jamani, dawa, pampasi, sabuni ya mtoto, dawa ya meno, unalipa kwa lipa namba unaondoka, ndo maana hapa Tanga mtu anatoka Sahare au Pongwe anakuja mjini kumaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ila foleni inasukuma, muuzaji ana watu mbele yake na wengine nyuma wanakohoa wanataka wahudumiwe, na wewe kichwani una ya sokoni na ya shule ya watoto. Pale kaunta ukisema ndo utakumbuka ulichokuja kufata, utapata kilichopo na sio unachotaka. Jipange ukiwa bado nyumbani.

Cheti cha daktari beba, tena karatasi yenyewe, picha ya kwenye simu sio kila muuzaji ataikubali. Kama unatumia bima chukua kadi na kitambulisho, afu piga simu kwanza uulize vitu viwili: hilo tawi linapokea bima yako, na hiyo dawa ipo kwenye bima? Usiseme "mbona tawi la kule walinipa", kila tawi na mambo yake. Ukipiga simu hiyo hiyo uliza kama dawa ipo, maana nauli ya kwenda na kurudi unailipa wewe. Ijumaa usiende muda wa swala, unaweza ukamkuta mlinzi tu.

Kama dawa ni ya mtoto, jua kilo zake. Sio umri, kilo. Mwenye miaka miwili huyu na mwenye miaka miwili yule hawalingani uzito, na dozi za watoto nyingi zinapigwa kwa kilo. Ukipewa antibayotiki ya unga ya kuchanganya, amoksilini kwa mfano, maji yawe yamechemshwa yakapoa, yafike kwenye alama ya chupa sio juu sio chini, utikise kila mara kabla ya kunywesha. Na ikishachanganywa maisha yake yanakuwa mafupi, nyingi ni siku 7, hata kama boksi limeandikwa inaisha mwakani. Iliyobaki usimwekee mdogo wake. Vijiko vya jikoni navyo havilingani, omba kijiko cha dawa cha mililita 5 au sirinji ya kunyweshea, usitoke bila hiyo.

Sasa hili la nguvu ya dawa nataka mlisome taratibu, zile namba za miligramu zinazofata baada ya jina.

Mama mkubwa wangu anakaa Makorora, mtu wa presha wa muda mrefu, dawa yake amlodipini. Daktari alimwandikia miligramu 10 kwa siku, ila dukani walikuwa wanampa vya 5, kwa hiyo mwili na akili vikazoea vidonge viwili kila asubuhi baada ya chai. Dawa zilipoisha akamtuma mjukuu wake na baiskeli mjini, mkononi kampa kile kipande cha pakiti ya zamani. Na hapo ndo balaa lilipoanzia, kile kipande kilikuwa kimekatwa na mkasi dukani siku ile ya kwanza, jina limebaki nusu, upande wenye miligramu haupo. Mtoto akasema ni dawa ya presha ya bibi. Vya 5 vilikuwa vimeisha, akapewa vya 10, vya kampuni nyingine, kwenye kibahasha kimeandikwa kwa kalamu 1x1. Yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Kuandika waliandika, ila hakuna aliyemwambia mtoto kwamba hivi ni vikali zaidi, mwambie bibi ale kimoja tu.

Bibi hasomi maandishi madogo bila miwani. Akavitoa kwenye bahasha akavimimina kwenye kopo lake la siku zote, bahasha ikaenda na takataka, akaendelea na viwili vyake. Miligramu 20 kwa siku, wakati mtu mzima mwisho ni 10.

Haikupita muda mrefu miguu ikaanza kujaa, ndala zikawa hazimwingii. Jirani akasema uzee, mwingine akaleta mafuta ya kuchua, na yeye kwa vile hataki kusumbua watu akawa anasema tu amechoka. Mpaka alfajiri moja anainuka kwenda kutia udhu dunia ikamzunguka, akaukamata mlango wa choo, bila ule mlango angepasua kichwa kwenye sementi. Tukamkimbiza hospitali ya Bombo. Presha iko chini kabisa, kila mtu anashangaa mgonjwa wa presha imeshukaje, mpaka nesi aliposema leteni dawa zote anazotumia, zote, hata za kienyeji. Kopo likaja. Kidonge kwa macho huwezi kujua ni cha ngapi, ikabidi mtoto arudi dukani na baiskeli kuuliza aliuziwa nini. Dawa yenyewe inakaa mwilini muda, kwa hiyo haikuisha siku ile ile, akapumzishwa wakamwangalia kwanza, afu akarudishwa kwenye dozi yake. Miguu ikanywea. Alhamdulillah.

Kwa hiyo nasema hivi, na naomba mfate. Nenda na boksi la zamani au lipige picha, jina na miligramu vionekane. Ukipewa mpya ziweke pamoja ulinganishe kabla hujalipa. Wakikwambia "ni ile ile" uliza "na miligramu ni zile zile?", maana dawa inaweza kuwa ile ile kweli na nguvu ikawa mara mbili. Wakitaka kukata pakiti, waambie wakate upande usio na maandishi, au piga picha ikiwa nzima, jina, miligramu na tarehe ya kuisha. Afu irudie dozi kwa mdomo wako mbele ya muuzaji: kimoja, mara moja, asubuhi, sivyo? Mpaka ajibu. Wa nyuma wakiguna waache wagune. Na dawa ya mzee usimtume mtoto, nenda mwenyewe au piga simu uongee na mfamasia moja kwa moja.

Mengine haraka haraka. Homa sio lazima malaria, pima kwanza, kipimo cha kutoboa kidole majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi. Ukipewa dawa mseto ya malaria (ALu) mtu mzima anameza vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ile ya kwanza, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo. Usiache ukipata nafuu siku ya pili. Antibiotiki nusu dozi kwa sababu hela imepungua, hapana, bora uulize kama kuna ya kampuni nyingine ya bei nafuu yenye kitu kile kile ndani.

Mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo usiombe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kiholela kwa ajili ya mgongo, sema matatizo yako kwanza. Mjamzito sema una mimba hata kama haijaonekana, sema kwa sauti ya chini ila sema. Mwenye kisukari, insulini inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 ile ambayo hujaanza kuitumia, na joto letu la Tanga mnalijua, kwa hiyo iwe kitu cha mwisho kununua mjini, sio uinunue saa nne afu uzunguke nayo Ngamiani mpaka mchana. Beba chombo chenye barafu ila uifunge na kitambaa isigusane nayo, ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiitumie.

Risiti tunza. Ukiona pakiti ina dalili za kufunguliwa, maandishi yamefutika au tarehe imebandikwa juu ya nyingine, usinunue, TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za dawa zenye mashaka. Kagua palepale kaunta, dawa ikishatoka mlangoni maduka mengi hayairudishi kwa sababu hawajui uliitunza wapi. Usiache mfuko wa dawa kwenye bajaji, usiuning'inize kwenye baiskeli juani, ukifika weka juu watoto wasipofika, na usihamishie kwenye kopo. Kama unaenda usiku chukua dereva unayemjua, na namba ya duka iache nyumbani, wakikumbuka kitu wapige ukiwa bado kaunta.